Ukiziba Mfereji, Jaruba Halikauki Siku Hiyo

Kila mkulima wa mpunga wa huku kwetu Bariadi ajua jambo hili: ukiziba mdomo wa mfereji asubuhi, maji mapya hayaingii tena jarubani, lakini yale yaliyokwisha kuingia yangalimo. Yataka siku kadhaa kukauka. Leo nataka kusema juu ya jambo linalofanana na hilo, nalo laweza kuvunja nyumba.

Tuchukue mfano. Baba mmoja mwenye watoto saba amekwenda hospitali akafungwa uzazi. Mwezi wa pili mkewe apata mimba. Baba awaza, “Mimi nimefungwa, mimba hii ni ya nani?” Ugomvi waanza, wazee waitwa, mama arudishwa kwao, na ng’ombe wa mahari waanza kutajwa. Kumbe mama hana kosa lo lote, na mtoto ni wa baba huyo huyo!

Yawezekanaje? Kwanza tuondoe kosa moja. Kufunga uzazi si kuhasi. Sisi tunaolima kwa maksai twaweza kudhani kwamba mwanaume naye hufanywa vivyo hivyo. Sivyo. Mwanaume hukatwa mirija miwili midogo tu inayopitisha mbegu. Korodani zake zabaki, na nguvu zake zabaki. Mkoani Kigoma wataalamu waliwauliza wanaume na wanawake juu ya jambo hili, na katika taarifa yao ya mwaka 2007 walitaja kutoelewa kuwa moja ya vizuizi.

Basi, mirija ikikatwa, mbegu mpya hazipiti. Lakini zile zilizokwisha kuvuka mahali pa kukatwa zimo bado, kama maji ya jarubani. Hutoka kidogo kidogo. Ndiyo maana waganga hushauri kungoja miezi 3, mume na mke wakijihadhari, kisha manii yapimwe kwa hadubini. Pasipo kipimo, hakuna ajuaye kwa hakika.

Namna ya kufunga nayo ina maana. Namna ya zamani ni kufunga mrija kwa uzi na kukata kipande. Udhaifu wake ni kwamba ncha mbili zaweza kupata njia ya kuungana tena. Kwa hiyo waganga wengine huweka utando wa mwili kati ya ncha hizo, kama ua kati ya miji miwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wa wanaume zaidi ya 800 katika nchi 7, ulionyesha kwamba utando huo wapunguza kasoro kwa karibu nusu, na mbegu huisha mapema zaidi. Wengine huchoma mrija kwa ndani ili uzibike vema.

Iko pia namna ya kutoboa ngozi bila kisu, iliyoanzishwa na daktari Li Shunqiang wa China mwaka 1974. Hiyo hupunguza damu na uvimbe, lakini ni njia ya kuifikia mirija tu. Aliyetobolewa naye hana budi kungoja.

Msomaji Mkatoliki ajua kwamba waraka wa Papa Paulo VI, Humanae Vitae, wa mwaka 1968, wakataza kufunga uzazi kwa nia ya kuzuia mimba. Siandiki kumshawishi mtu akafungwe. Lakini wako waliokwisha kufungwa, na wake zao wastahili haki.

Kwa hiyo, bwana uliyefungwa, kabla ya kumtuhumu mkeo jiulize: Je, miezi 3 ilipita? Je, nilipimwa? Je, nilirudi kusikia majibu? Kama jibu moja ni hapana, nenda hospitali kwanza, usiende kwa wakwe. Na kama yote ni ndiyo, kapimwe tena, maana hata baada ya kipimo kizuri mimba hutokea mara chache sana, kama 1 kwa watu 2,000.

Nanyi wazee mnaoketi kusikiliza mashauri, ulizeni maswali hayo hayo kabla ya kuhesabu ng’ombe. Neno la hasira hutoka siku moja. Kulirudisha ni kazi ya miaka.