Kazi ya Mwenye Nyumba ya Wageni

Leo tutazame tena habari ya Msamaria mwema, iliyo katika Injili ya Luka, sura ya 10. Tumesikia mahubiri mengi juu ya kuhani na Mlawi waliopita kando, na juu ya Msamaria aliyesimama. Lakini yumo mtu mwingine ambaye hatumtaji sana, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimwuguza majeruhi usiku mmoja. Kesho yake akashika njia. Je, vidonda vilipona usiku ule? La. Basi ni nani aliyeviosha siku zilizofuata? Ni nani aliyeamka usiku wa manane mgonjwa alipopiga kelele? Ni mwenye nyumba. Kazi yake ilianzia pale ambapo sisi twafunga Biblia.

Mtu huyo yumo katika makanisa yetu ya Busia na Malaba. Ni mke, mama, binti au kaka ambaye jamaa yake alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akaponea chupuchupu, kisha akarudishwa nyumbani. Wengine walipelekwa mbali, Eldoret au Kisumu. Wakati huo kanisa huwa hai. Twakesha tukiomba. Twafanya harambee ya bili. Gari linapomrudisha mgonjwa, akina mama hupiga vigelegele, na Jumapili ushuhuda hutolewa. Baada ya hapo kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Tuseme kweli, ndugu zangu: sisi ni hodari wa mambo mawili, mchango wa bili na mchango wa matanga. Katikati ya hayo mawili ipo miezi mingi, na katika miezi hiyo mtunzaji huachwa peke yake.

Kwa nini miezi mingi? Watu wa mpakani wataelewa upesi. Zamani, kabla ya vituo vya pamoja vya mpakani (kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018), msafiri aligonga muhuri wa kutoka Kenya, kisha akaenda na mizigo yake mpaka ofisi ya Uganda. Katika kipande kile cha njia alikuwa ametoka, lakini hajaingia. Hapo ndipo vijana wa baiskeli walipopata riziki kwa kubeba watu kutoka boda hadi boda, na jina la bodaboda likazaliwa. Mgonjwa aliyetoka katika chumba cha mahututi yuko katika kipande kile. Ametoka mautini, lakini hajaingia katika afya. Anayembeba ni mtunzaji.

Tuyaeleze yanayompata mgonjwa huyo, ili tusiyashangae. Kwanza ni mwili. Mtu akilala siku nyingi huku mashine ikimsaidia kupumua, misuli yake huisha upesi. Mwanamume aliyekuwa akipakia magunia kwenye malori hushindwa hata kuinuka kitini. Sauti yaweza kukauka na kumeza kukawa taabu, kwa sababu ya mrija uliopitishwa kooni. Pili ni akili. Husahau alichoambiwa asubuhi, na chenji aliyokuwa akiihesabu bila kufikiri sasa humchanganya. Tatu ni moyo. Huota ndoto za kutisha, huogopa kulala, hukasirika kwa jambo dogo. Wengine hukumbuka mambo ambayo hayakutokea kamwe, kama vile wauguzi kutaka kuwaua. Hapo jirani huanza kunong'ona kwamba amerogwa au ana pepo. Ndugu, tusiongeze mzigo juu ya mzigo. Haya ni matokeo yanayojulikana ya ugonjwa mkali, ya dawa za kulaza, na ya kukosa usingizi wa kweli katika chumba kile. Kwa wengi hupungua polepole; kwa wengine hudumu mwaka na zaidi.

Sasa tumgeukie mtunzaji. Mwaka 2010 wataalamu wa wagonjwa mahututi walikutana Marekani, wakakubaliana kuyapa matatizo hayo jina moja, na ripoti yao ikachapishwa mwaka 2012. Katika jina hilo waliweka sehemu mbili: ya mgonjwa, na ya jamaa zake. Yaani walikiri kwamba jamaa naye hutoka hospitali akiwa ameumia, ingawa hakuchomwa hata sindano moja. Moyo wake hushtuka simu inapolia usiku. Huamka kusikiliza kama mgonjwa bado anapumua. Huzuni humwelemea wakati kila mtu anamwambia afurahi.

Mwaka 2016 watafiti wa Kanada walitoa habari za watunzaji 280 waliofuatwa kwa mwaka mzima. Wagonjwa wao walikuwa wamepumua kwa mashine siku 7 au zaidi. Mwanzoni, watunzaji 67 katika kila 100 walikuwa na dalili nyingi za huzuni nzito. Mwaka ulipotimia, bado walikuwa 43 katika kila 100. Tena sikilizeni jambo hili: ukali wa ugonjwa wa mgonjwa haukuonekana kuwa ndio uliopima huzuni ya mtunzaji. Walioumia zaidi ni wale waliokosa watu wa kuwategemeza, wale ambao shughuli zao zilivurugika, na wale waliojiona hawana tena mamlaka juu ya maisha yao wenyewe. Basi, yako mambo ambayo daktari peke yake aweza kuyatibu. Lakini upweke wa mtunzaji si mmoja wao. Huo waweza kutibiwa na jirani.

Tuyaseme haya kwa mambo ya kwetu. Mama alikuwa na meza yake ya mitumba au omena sokoni Busia. Mtaji umekwisha kwa nauli za kwenda na kurudi hospitali, na mahali pake sokoni amekaa mwingine. Vidonge vyake mwenyewe vya presha vilikwisha siku nyingi, naye hakumwambia mtu. Ibadani haonekani, nasi twadhani amepoa kiroho. Tusitafute dhambi mahali palipo na uchovu. Tukikutana naye njiani twamwuliza mgonjwa anaendeleaje. Hakuna anayemwuliza yeye anaendeleaje. Naye atasemaje kwamba amechoka, hali Mungu amemrudishia mume? Basi hujibu kwamba twamshukuru Mungu, kisha huenda zake kubeba ndoo nyingine ya maji.

Nitawapa mfano kutoka mbali. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, huko Denmark, ulipigwa na ugonjwa wa polio. Wagonjwa wengi hawakuweza kupumua, na mashine zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen alionyesha kwamba mgonjwa aweza kuishi iwapo mtu atamsukumia hewa kwa mkono, akikamua mfuko wa mpira uliounganishwa na mrija kooni. Lakini ni nani awezaye kukamua mfuko mchana na usiku, wiki baada ya wiki? Waliitwa wanafunzi wapatao 1,500, wakakaa kando ya vitanda kwa zamu. Wengi ambao wangekufa wakaishi, na kutokana na kazi ile chumba cha wagonjwa mahututi kikafunguliwa mjini humo mwaka 1953. Angalieni, wapendwa: kazi ya chumba kile ilianza kwa mikono ya watu na kwa zamu. Hakuna mwanafunzi aliyeambiwa akamue peke yake mpaka mgonjwa apone. Mbona nyumbani twamwachia mtu mmoja?

Basi ushirika ufanye nini? Kwanza, andikeni zamu. Hata usiku mmoja au miwili kwa juma, mtu mwingine alale karibu na mgonjwa ili mtunzaji apate usingizi. Atakayeshika zamu afundishwe. Mgonjwa alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya kitandani. Asimamishwe na kutembezwa hatua chache kila siku, kama hospitali ilivyoelekeza. Akipumua kwa shida, akipata homa kali, akichanganyikiwa ghafla, au mguu mmoja ukivimba, apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja kikao cha wazee.

Pili, shikeni shughuli ya mtunzaji. Mmoja akae kwenye meza yake siku ya soko. Chama cha akina mama kimkopeshe mtaji mdogo. Riziki yake ikisimama, na moyo wake utasimama.

Tatu, aangaliwe afya yake. Wako wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa nchini Kenya Septemba 2023, ambao hutembelea watu nyumba kwa nyumba. Mwombeni aliye karibu nanyi ampime presha mtunzaji pia, si mgonjwa tu. Akikosa usingizi majuma kadhaa, akilia kila siku, au akisema heri kufa, hayo si upungufu wa imani. Ni ugonjwa, nao una matibabu, msindikizeni hospitali.

Nne, kaeni naye na kumsikiliza. Mwacheni asimulie siku zile za hospitali, hata kama amekwisha kuzisimulia mara kumi. Msikimbilie kumwambia ashukuru. Ameshukuru tayari, sasa anahitaji kusikilizwa.

Msamaria alifanya mambo mawili alipokuwa akiondoka. Alitoa fedha, na aliahidi kurudi. Hakumtupia mwenye nyumba mgonjwa na kumtakia baraka. Fedha tumejifunza kutoa, na Mungu ashukuriwe. Kurudi ndiko tunakokusahau. Juma hili, kila mmoja wetu afikiri juu ya nyumba moja anayoijua, nyumba ambayo mgonjwa alirudi na wageni wakaacha kuja. Nenda huko. Msalimu mgonjwa, umpe mkono. Kisha mgeukie yule anayesimama kando ya kitanda, umwulize: "Na wewe, mama, umelala?" Halafu keti, umpishe akalale.

Bwana awabariki na kuwapa nguvu.