Kumpiga Picha Ndege Aliye Mbali

Walio darasani na wafungue ukurasa wenye picha ya kamera. Asiye na kitabu asikilize tu, atafahamu. Maneno mapya ya leo ni mawili: le-nzi, yaani jicho la kamera, na fi-la-mu, yaani utepe unaopokea picha. Yaandikeni kwanza.

Somo letu linatupeleka Usinge, kituo cha reli kati ya Tabora na Kigoma. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo watu wa misafara walikwenda Ujiji kwa miguu, na mto Malagarasi pamoja na mabwawa yake uliwapa taabu kubwa. Mabwawa hayo yapo hata leo. Mwaka 2000 yaliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia nzima, nayo yalikuwa ya kwanza kwa Tanzania. Humo huishi ndege wa kijivu, kimo chake hupita mita moja, na mdomo wake ni mnene kama kiatu. Vitabu vya ndege humwita korongo-nyangumi.

Tuseme ndege huyo amesimama mita 30 kutoka mtumbwi wako. Usimsogelee zaidi. Majini mna viboko na mamba, na ndege akitishwa penye kiota aweza kuyaacha mayai juani. Ukimpiga kwa lenzi ya kawaida, ya milimita 50, ndani ya filamu atakuwa na urefu wa milimita 2 tu, kama punje ya ulezi. Kwa lenzi ndefu ya milimita 400 atafika milimita 16, yaani theluthi mbili ya kimo cha picha. Basi lenzi ndefu yatakiwa. Lakini kamera nyingi za zamani hazikuweza kuitumia vizuri, na sababu yake mwaweza kuiona sasa hivi kwa kidole.

Simamisha kidole karibu na pua. Funga jicho la kushoto, kisha lifungue na ufunge la kulia. Kidole chaonekana kuruka sana. Sasa nyosha mkono: kidole charuka kidogo. Halafu utazame mti ulio mbali, ng'ambo ya reli. Huo hauruki hata kidogo.

Kamera kama Leica M3, iliyotoka mwaka 1954, ilipima umbali kwa njia hiyo hiyo. Ilikuwa na madirisha mawili madogo, baina yao kama sentimita 7, mfano wa macho mawili. Mpigaji aliona sura mbili za kitu kimoja, akazungusha lenzi mpaka zikakutana. Kwa mtu aliye mita 3 kazi ilikuwa safi. Kwa ndege aliye mbali, sura hizo zinakaribia kukutana zenyewe, na mita 30 haziachani sana na 35. Lenzi ndefu nayo haisamehe: ile ya milimita 400 iliyofunguliwa kwa namba 6.8, ikielekezwa kitu kilicho mita 10, huonyesha vizuri unene wa shibiri moja tu. Mbele na nyuma ya hapo ni ukungu. Tena alama za kuonyesha mipaka ya picha dirishani ziliishia kwa lenzi ya milimita 135. Alama ya 400 ingekuwa ndogo kama ukucha.

Kiwanda cha Leitz cha Wetzlar, Ujerumani, kilitoa dawa yake mwaka 1935: kisanduku cha kupachikwa kati ya kamera na lenzi. Toka mwaka 1951 kiliitwa Visoflex. Ndani mna kioo, sawa na cha kujitazamia, kilicholazwa mshazari. Mwanga ukipita katika lenzi hugonga kioo, hupanda juu, na kuchora picha juu ya bilauri bapa yenye ukungu. Hapo huhitaji kupima umbali tena, maana unaona kile kile ambacho filamu itakiona. Ukibonyeza, kioo huinuka na mwanga hupita kwenda kwenye filamu. Visanduku vya kwanza vilitumia waya wa ncha mbili, moja ya kuinua kioo na ya pili ya kufungua kamera.

Kisanduku hicho hula nafasi. Cha miaka ya 1960 kilisogeza lenzi mbele kwa milimita 40, na kwa hiyo lenzi ya kawaida ikipachikwa hapo haiwezi kuona mbali. Zilitakiwa lenzi zilizotengenezwa fupi zaidi nyuma, ili jumla ya urefu iwe sawa.

Jambo la pili huwachanganya wengi. Ukichungulia kutoka juu, kushoto huwa kulia. Ndege akiruka kushoto, wewe wamwona akienda kulia, na mikono humfuata upande usio wake! Kipo kitazamio chenye bilauri ya pembe kinachorudisha sura mahali pake, na kwa maoni yangu chastahili bei yake.

Lenzi ndefu hukuza pia mtetemo wa mkono. Weka kasi ya sehemu ya 500 ya sekunde, na mtumbwini ungoje mpaka maji yatulie. Miguu mitatu ya kusimamishia kamera haifai kitu ndani ya mtumbwi. Vyombo hivi ni vya polepole, havimfai mbayuwayu. Korongo-nyangumi husimama kimya muda mrefu akivizia samaki, na hapo ndipo vyombo na ndege vinapoelewana.

Toka Nikon F ya mwaka 1959, kamera zenye kioo ndani yake zilienea, na Visoflex iliachwa kutengenezwa katika miaka ya 1980. Walio nayo bado huitumia, na filamu ya picha 36 ni ghali. Kosa la umbali halionekani mpaka filamu isafishwe, wakati ndege amekwisha kwenda zake.

Kazi ya nyumbani: rudieni jaribio la kidole kwa nguzo, mti na kilima. Andikeni sentensi tatu kueleza kipi kiliruka zaidi.