Mbio za ioni: jinsi chembe nzito za mwezini zinavyotambuliwa

Chumvi ya Ziwa Balangida, wilayani Hanang, ina sodiamu. Elementi hiyohiyo imo katika gesi nyembamba mno inayouzunguka mwezi. Iligunduliwa huko mwaka 1988 kwa darubini za hapa duniani. Kazi iliyobaki ikawa kuinasa angani na kuipima chembe moja moja.

Jua huvumisha plazima, yaani upepo wa chembe zenye umeme, kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Sehemu kubwa ya upepo huo ni haidrojeni, elementi nyepesi kuliko zote. Mwezi hauna angahewa nene wala ngao ya sumaku kama ya dunia, hivyo upepo huo huupiga udongo wake na kung'oa atomi. Mwanga wa jua huzipokonya atomi hizo elektroni, zikawa ioni, kisha upepo ukazizoa.

Muda ndio mizani

Chombo cha kupimia huchuja kwanza ioni zenye nishati moja. Kila ioni hupenya utando mwembamba wa kaboni na saa ikaanza kuhesabu, hadi chembe igonge kigunduzi upande wa pili. Watu wa Mbulu na Hanang, nyumbani kwa wanariadha John Stephen Akhwari na Gidamis Shahanga, wanajua mbio: wakimbiaji wenye nguvu sawa wakiachiwa pamoja, mzito hubaki nyuma. Uzito wa atomi ya haidrojeni ukihesabiwa kuwa 1, wa oksijeni ni 16, wa sodiamu 23. Kwa nishati sawa, oksijeni hutumia muda mara 4 ya haidrojeni, na sodiamu karibu mara 5.

Kwa kupima muda namna hiyo, chombo cha Japani, Kaguya, kilichouzunguka mwezi kuanzia 2007 hadi 2009, kilitambua ioni za kaboni, oksijeni, sodiamu na potasiamu. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya oksijeni hiyo ilitoka kwetu: mwezi unapokaribia kuwa mpevu hupita katika mkia wa sumaku ya dunia, na ioni zilizotoroka angahewa yetu huufikia.

Je, zina madhara?

Ioni hizi zina nishati ndogo, hazipenyi vazi la mwanaanga. Za kuogopwa ni ioni nzito, kama za chuma, zitokazo nje ya mfumo wa jua kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Hizo huharibu vinasaba na kuongeza hatari ya saratani. Vipimo vya chombo cha China, Chang'e 4, kilichotua mwaka 2019, vilionyesha kuwa mionzi mwezini ni takriban mara 200 ya ile ya ardhini kwetu.

Kinachotukinga zaidi ni hewa. Anayefika kilele cha Hanang, zaidi ya mita 3,400, hupata mionzi ya angani zaidi kuliko aliyebaki Katesh, kwa kuwa hewa iliyo juu yake imepungua. Watakaoishi mwezini hawatakuwa na hewa hiyo, ndiyo maana wahandisi wanafikiria kufukia makazi yao chini ya udongo.