Hukumu ya kifo kwa muuaji, ni haki? (Sehemu ya tatu)

Wiki iliyopita tuliishia kwa Musafiri, aliyenyongwa hadharani hapa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1922 baada ya kumchoma kisu Mzungu aliyelala na mke wake. Leo nilikusudia kuingia katika sheria ya jinai ya 1940. Lakini tangu Mahakama Kuu ya Kijeshi ilipomhukumu kifo rais wa zamani Joseph Kabila, Septemba 30, 2025, bila mwenyewe kuwepo, swali ni moja tu kutoka Kasapa mpaka Kisanga: aliyeua, kwa nini asiuawe? Nitajibu kwa kesi ambayo sijaacha kuifikiria tangu ilipoanza.

Mzee Laurent-Désiré Kabila, rais wa wakati huo, alipigwa risasi Januari 16, 2001. Washtakiwa zaidi ya 100 waliletwa mbele ya mahakama maalumu ya kijeshi, ile iliyokuwa haina rufaa, na kesi ikasikilizwa ndani ya gereza la Makala, Kinshasa, kuanzia Machi 2002. Januari 2003 watu wapatao 30 walihukumiwa kifo. Mmoja wao alikuwa Kanali Eddy Kapend, msaidizi wa Mzee, aliyekana shitaka tangu siku ya kwanza. Aliyewashtaki ni Kanali Charles Alamba, mtu aliyeogopwa nchi nzima. Haikupita miaka mingi, Alamba naye akasimama kizimbani na kuhukumiwa kifo kwa mauaji. Ndiye tuliyemkabidhi roho za wenzake!

Kapend alipona kwa sababu mwaka huohuo wa 2003 serikali iliacha kutekeleza hukumu za kifo. Januari 2021 alitoka gerezani kwa msamaha wa Rais, akapandishwa cheo kuwa jenerali, akapewa amri ya mkoa wa 22 wa kijeshi, makao yake hapahapa Lubumbashi. Kama angepigwa risasi mwaka 2003, msamaha ule ungepelekwa kwenye kaburi gani? Hakimu ni mwanadamu, na serikali hubadilika. Adhabu isiyoweza kurekebishwa haimfai mwanadamu kuitoa.

Najua mtanitajia kiongozi wa waasi Gédéon Kyungu Mutanga, na mna haki. Watu wa Mitwaba waliona mambo ambayo sitaki kuyaandika. Alihukumiwa kifo Machi 2009 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, akafungwa katika gereza la Kasapa, hapa kwetu Annexe. Septemba 7, 2011 watu wenye silaha wakavamia gereza, naye akatoka pamoja na wafungwa zaidi ya 900. Oktoba 2016 alijisalimisha, akapokewa kwa sherehe. Machi 2020 akatoweka tena kutoka mjini. Mjane wa Mitwaba aliahidiwa kifo cha muuaji, akanyimwa hata kifungo chake. Kilichokosekana Kasapa ni ulinzi, na juu yake viongozi wenye aibu. Kifungo cha maisha kinachotumikiwa kweli, siku kwa siku, kingempa mama yule haki ambayo maneno yale makali ya mahakama hayakumpa.

Sasa waraka wa Wizara ya Sheria wa Machi 13, 2024 umefungua tena mlango wa kuua, kwa wasaliti na kwa majambazi wa mijini. Mwanzoni mwa 2025 vijana zaidi ya 100 wanaoitwa kuluna, waliohukumiwa kifo, walisafirishwa hadi gereza la Angenga. Mkubwa huhukumiwa akiwa mbali, husamehewa, au hutoroshwa. Kijana asiye na wakili ndiye aliye karibu na bunduki, kama Musafiri alivyokuwa karibu na kamba.

Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu na inaiagiza serikali imlinde. Kifungu cha 61 kinakataza haki ya kuishi kuguswa hata wakati wa dharura. Wabunge mliotumwa Kinshasa na Haut-Katanga, pelekeni mswada wa kufuta adhabu hii, na pelekeni pamoja nao bajeti ya kuta na walinzi wa Kasapa.