Bwana Chifungatumbo na Boti Zilizopanda Milima

Tarehe 22 Juni 1915 meli za Waingereza kutoka Kisumu zilishusha askari karibu na Bukoba. Kesho yake mji ukatekwa, mlingoti wa redio ya Wajerumani ukabomolewa, nyumba zikaporwa, kisha wakapanda meli zao wakaondoka. Waliweza kwa sababu Ziwa Viktoria lilikuwa mikononi mwao. Ziwa Tanganyika lilikuwa la Wajerumani: walikuwa na Kingani, Hedwig von Wissmann, na pale Kigoma walikuwa wakikamilisha meli kubwa Graf von Götzen.

Siku zile zile Bukoba inaporwa, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza alikuwa baharini akielekea Cape Town na boti mbili. Huyo ni Geoffrey Spicer-Simson, mzaliwa wa Tasmania mwaka 1876. Aliingia jeshini mwaka 1890 lakini hakuwa na sifa njema; Novemba 1914 meli mojawapo ya kikosi chake ilizamishwa na nyambizi, yeye akiwa nchi kavu.

Boti zake alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, akaziita Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto ni yale yale. Sisi Waswahili tunalisikia jina la Mimi kwa maana nyingine, na kwa bwana yule mpenda sifa huenda maana yetu ndiyo iliyomfaa zaidi.

Wazo la kupeleka boti ziwani halikuwa lake, lilikuwa la mwindaji John Lee. Toka Cape Town zilisafiri kwa reli hadi Fungurume, Kongo. Kutoka hapo zilikokotwa kupita milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya Waafrika. Mvuvi wa Bumbire kule Muleba anajua uzito wa mtumbwi kwenye mchanga tu. Hizi zilikuwa na urefu wa mita 12, na njiani yalijengwa madaraja zaidi ya 100. Waliokata miti ile na kuvuta kamba zile hawakuandikwa majina.

Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Spicer-Simson alitembea ufukweni amevaa sketi ya kaki, mwili umejaa chale za wino, wenyeji wakamwita Bwana Chifungatumbo. Akatunukiwa nishani.

Ila Götzen ilipotokea, hakuthubutu kuishambulia. Juni 1916 kule Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, aliogopa mizinga ya ngome akarudi nyuma, na Wajerumani wakatoroka kwa mitumbwi. Mizinga ile ikabainika kuwa ya bandia, ya mbao.

Hakupewa tena kikosi cha kupigana. Kuanzia mwaka 1921 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, hadi 1937, kazi ambayo kwa kweli aliiweza. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Nayo Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipoihama Kigoma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba abiria, ikiitwa Liemba.