Barua Kutoka Handakini

Akina mama wenzetu, siku moja sisi wanawake wa kanisa hapa Ushetu tulikusanyika nyumbani kwa mwenzetu kutazama filamu ya vita. Wengine walinung'unika. "Vita ni mambo ya wanaume," alisema mama mmoja, akaendelea kupukuchua mahindi yake. Ilipofika katikati, mahindi yalikuwa yamewekwa kando.

Filamu hiyo inaitwa Journey's End, ya mwaka 2017. Imetokana na mchezo wa kuigiza wa R. C. Sherriff, Mwingereza aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza na kujeruhiwa mwaka 1917. Mchezo ulionyeshwa London kwa mara ya kwanza Desemba 1928, ukafanywa filamu tangu mwaka 1930. Mwanzoni wenye kumbi za maonyesho waliukataa, na sababu mojawapo ni kwamba haukuwa na mwanamke hata mmoja.

Sisi tulimwona mwanamke humo. Ni Machi 1918, Ufaransa, na askari wamo handakini wakingoja Wajerumani washambulie. Kapteni wao, Stanhope, ni kijana anayesifiwa kwa ushujaa, lakini hawezi kukaa bila wiski. Analetewa ofisa mpya, Raleigh, ambaye ni kaka wa binti anayemngoja Stanhope nyumbani. Hapo ndipo hofu inapompata kapteni. Risasi ameshazizoea, anachoogopa ni kwamba Raleigh ataandika nyumbani, na yule binti atajua mpenzi wake amekuwa mlevi. Anamnyang'anya barua. Rafiki yake mzee, Osborne, anaisoma kwa sauti, na ndani hamna ila sifa tupu. Stanhope anabaki ameinamisha kichwa.

Yupo na mwingine, Hibbert, anayelalamika kuwa neva za uso zinamuuma na anataka kupelekwa hospitali. Stanhope anamtishia kwa bastola. Kisha, wakiwa wawili tu, anamwambia kwamba naye anaogopa vilevile. Hapo sisi tulio wauguzi tulitazamana. Ni mara ngapi mzee amekuja zahanati na kichwa kisichopona, tukampa Panadol na kumwambia arudi akizidiwa? Hatukumwuliza analalaje. Hilo ni kosa letu na tunalikubali.

Maana huku kwetu wapo wengi wa namna hiyo. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kuwa tunapigana. Maelfu ya mgambo waliongezwa jeshini. Kampala ilitekwa Aprili 1979. Waliorudi walipokewa kama mashujaa, nasi tulio watoto wao tulikua tukisikia habari za ushindi. Habari za usiku hatukusimuliwa. Leo wazee hao wana miaka zaidi ya sitini, na bado wapo wanaoshtuka mlango ukibamizwa, wanaokunywa ili walale, wanaotoka nje redio ikitaja vita. Ni kiwewe, na kiwewe hakihitaji handaki la Ufaransa. Hata vijana waliofukuliwa kwenye maduara ya dhahabu yaliyobomoka tumewaona na dalili hizohizo.

Mwenzetu, mumeo akipiga kelele usingizini, usimtikise ukiwa umemwinamia, kwani anaweza kukurushia mkono kabla hajajua ni wewe. Washa taa, simama kando, umwite kwa jina mpaka aitike. Usimlazimishe kusimulia; akianza mwenyewe, acha vyombo, ukae. Pombe humlaza upesi, kisha huuvunja usingizi wake usiku wa manane. Lakini aliyekunywa sana kila siku kwa miaka msimkatishe ghafla nyumbani. Anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupata degedege, hata kufa. Aanzie kituo cha afya. Na tuseme wazi: kiwewe si ruhusa ya kumpiga mke. Akikupiga, ondoka kwanza na watoto. Habari ya ugonjwa itazungumzwa ukiwa salama.

Filamu ina ubaya wake. Wanajeshi wanaongea Kiingereza cha harakaharaka, na binti wa mwenye nyumba alichoka kututafsiria. Mwisho wake ni mzito. Osborne anauawa, na kabla ya kwenda anaacha pete yake ili apelekewe mkewe. Watoto wadogo wapelekwe kulala kwanza.

Ilipokwisha, yule mama wa mahindi alikaa kimya. Ni mtu mzima kuliko sisi sote, na mumewe alikwenda na mgambo mwaka 1978. Kisha akasema kwamba tangu arudi, mzee hulala akiuelekea mlango. Yeye miaka yote hiyo alidhani amempa mgongo kwa kuwa hampendi tena.

Hakutaka tumwambie kitu. Alimwomba binti arudishe filamu nyuma, pale kwenye barua. Tukaitazama tena sehemu ile, mara mbili.