Kwa Nini Ardhi Huporomoka? Kutoka Mgeta hadi Kingo za Manzese

Mkazi wa Manzese asikiapo habari za maporomoko ya ardhi hudhani ni balaa la watu wa milimani. Ni kweli kwamba Dar es Salaam haina mlima. Hata vilima vya Pugu si virefu. Lakini kanuni zinazouporomosha mlima ndizo zinazobomoa ukingo wa mto wenye kimo cha mtu mmoja, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake.

Udongo ulio kwenye mteremko huvutwa bondeni na uzito wake. Katika mteremko wa nyuzi 30, nguvu hiyo ni nusu ya uzito wenyewe. Kinachoupinga ni msuguano wa chembe, mshikamano wao, na mizizi. Maji kidogo huongeza mshikamano, kama ajuavyo mtoto achezeaye mchanga wa pwani. Maji yakizidi hujaza nafasi zote baina ya chembe na kuzisukuma zisigandamizane. Msuguano hupungua huku uzito ukiongezeka.

Ushahidi bora tulio nao unatoka Mgeta, katika milima ya Uluguru, ambako hulimwa mboga nyingi ziliwazo Dar es Salaam. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya milimita 100 hivi kwa muda usiotimia saa tatu, na maporomoko zaidi ya 1,000 yakatokea. Paul Temple na Anders Rapp waliyachunguza, wakakuta kwamba karibu yote yalikuwa katika mashamba na nyika. Yaliyotokea msituni hayakufika asilimia moja. Mvua ilikuwa moja, ardhi iliyokatwa miti ndiyo iliyoshindwa.

Je, basi, kosa ni la jembe peke yake? La. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang, volkano ya kale yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ilishiba maji ikameguka. Tope lilishuka hadi mji wa Katesh likiwa limebeba mawe na miti iliyong'olewa, na watu 89 wakafariki. Mizizi haiwezi kushikilia mwamba laini unaomeguka chini yake.

Jijini, mkono wa binadamu huonekana zaidi. Wachimbao mchanga katika Msimbazi na vijito vyake hushusha kitako cha mto, na ukingo huzidi kuwa mrefu na wima. Mashimo ya vyoo na maji ya mapaa huulowesha kutoka nyuma. Mafuriko yajapo, kama yale ya Desemba 2011, maji ya mtoni huuegemeza ukingo hata yanapoupekecha chini. Hatari kubwa huja yanapopungua ghafla: egemeo limeondoka, na udongo ungali umeshiba. Ndiyo maana nyumba huweza kuanguka jua likiwa limekwisha kuwaka, wenyewe wakiwa wamerudisha magodoro ndani.

Sehemu ya Mto Ng'ombe, upitao Manzese na Tandale, imejengewa mfereji wa zege. Kingo zake zimetulia. Lakini maji hukimbia zaidi katika zege, na kasi hiyo hupelekwa kwa walioko chini, kuelekea Msimbazi.

Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi kwenye kingo zisizojengewa awaonyeshe, wakisimama mbali, nyufa zinazofuatana na mto. Vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na utepe wa kupimia vyatosha kuonyesha wiki hata wiki kama ardhi inasogea.